Tutunze Wenyewe Njia ya Petroli ya Mashine za Boti



Wapo watakaouliza: chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na mashine za boti? Jibu letu ni fupi. Hapa Uganda wafanyakazi wengi hawawezi kwenda kwao wala kurudi kazini bila kupita majini. Wilaya ya Kalangala peke yake ina visiwa 84, na katika kisiwa cha Bugala yako mashamba makubwa ya michikichi yaliyoanza kupandwa katika miaka ya 2000. Mkata mikungu anapokwenda kuwaona wazazi wake, mgonjwa anapopelekwa hospitali kubwa, unga na chumvi vinapoletwa kambini, mara nyingi safari ni ya boti ya mbao yenye mashine ya kupachika nyuma. Feri zipo, lakini feri ina saa zake, wala haifiki kila kisiwa.

Kadhalika wenzetu wa viwanda vya samaki vya Entebbe na Jinja. Sangara wanayemkata minofu huletwa na boti. Boti ikichelewa barafu huyeyuka, samaki hukataliwa, na kibarua wa siku hurudishwa nyumbani bila ujira. Mashine ya boti iko mbali na meza yake ya kazi, lakini inapozimika yeye naye huumia.

Wanaoumia zaidi ni wale waliomo ndani ya boti. Boti isiyo na mashine haishiki njia. Upepo huigeuza, mawimbi huipiga ubavuni, maji huingia. Ikiwa imejaza watu kupita kiasi na hakuna makoti ya kuokolea maisha, kilichobaki ni dua.

Tunalotaka kusema leo ni hili: mara nyingi mashine inayozimika ziwani imekwisha kuharibiwa nchi kavu. Imeharibiwa na petroli yenye maji, takataka za dumu, mpira uliopasuka, au tangi lisilopumua. Kuzuia mambo hayo hakuhitaji fundi wa mjini. Kunahitaji macho, mikono safi, chupa moja ya kioo na desturi ya kukagua kila siku. Mfanyakazi anayeweza kunoa panga lake au kupaka grisi mtambo wa kiwanda anaweza kazi hii.

NJIA YA PETROLI

Kabla ya kushika spana yafaa kujua petroli inapita wapi. Mashine ya kupachika iliyowafaa wavuvi ilianza kuuzwa Marekani na Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway, mwaka wa 1909. Kampuni ya Yamaha ya Japani, ambayo mashine zake zimejaa katika maziwa yetu, ilitoa ya kwanza mwaka wa 1960. Miaka mingi imepita, lakini katika mashine za kawaida zenye kabureta njia ya petroli bado ni ile ile.

Petroli hutoka katika tangi na kupita katika mpira. Katikati ya mpira iko pampu ya mkono, ile yenye umbo la yai tunayoifinya kabla ya kuwasha. Juu yake umechorwa mshale. Mshale huo sharti uelekee kwenye mashine. Ukifungwa kinyume, petroli haipiti hata ukifinya mpaka jioni. Kisha petroli huingia katika mashine, hupita katika chujio dogo, halafu katika pampu ya mashine. Ndani ya pampu hiyo mna utando mwembamba wa mpira unaokwenda mbele na nyuma kwa mapigo ya injini na kuivuta petroli.

Mwisho petroli hufika katika kabureta. Chini ya kabureta liko bakuli, na ndani ya bakuli kipo kiboya. Petroli ikijaa, kiboya huinuka na kusukuma sindano inayoziba mlango. Petroli ikipungua, kiboya hushuka na mlango hufunguka. Kutoka bakuli petroli hupita katika vitundu vidogo vya shaba tunavyoviita jeti, huchanganyika na hewa, na kuingia katika silinda kuunguzwa na cheche ya plagi. Jeti ina kitundu chembamba kama sindano ya kushonea. Chembe moja ya kutu yatosha kukiziba, nayo mashine ya nguvu za farasi 40 ikasimama.

ADUI WA KWANZA NI MAJI

Petroli ni nyepesi kuliko maji. Vikiwekwa pamoja, maji hushuka chini na petroli hukaa juu. Nasi tunajua kwamba mpira wa kunyonya ndani ya tangi huishia karibu na chini. Kwa hiyo tone la kwanza litakalonyonywa ni la maji, nayo maji hayaungui.

Maji huingia kwa milango mingi. Dumu limeachwa wazi katika mvua. Kifuniko cha tangi kimepotea na mahali pake pamewekwa gunzi la mahindi lililofungwa nailoni. Wimbi limeruka. Au tangi limelala nusu tupu usiku kucha: hewa iliyomo ndani hupoa, unyevu wake hugeuka matone na kutelemka chini. Kwa sababu hiyo tangi la kudumu likilala lijazwe karibu na juu, huku pakibaki nafasi kidogo, kwa kuwa petroli hutanuka ikipata joto.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua chupa ya kioo nyeupe, iliyooshwa na kukauka kabisa. Jaza petroli kutoka chini ya dumu, si juu. Isimamishe kivulini kwa dakika 10, kisha itazame dhidi ya mwanga. Ukiona shanga zinazotembea chini ya chupa unapoinamisha, hayo ni maji. Ukiona vumbi jekundu, hiyo ni kutu ya tangi au ya pipa. Petroli ya namna hiyo isiingie katika mashine.

Nguo safi hushika takataka, lakini maji hupita. Dawa ya maji ni subira. Dumu lisimamishwe mahali palipoinuka kwa muda wa saa nzima au usiku mzima, kisha petroli imiminwe taratibu katika faneli yenye chujio. Ile ya chini kabisa iachwe. Watu wengi huinua dumu na kulitikisa ili wasipoteze hata tone. Tone hilo la mwisho ndilo lenye maji na mchanga.

Wenzetu wa mashamba ya miwa wanajua kwamba molasi hutengenezwa spiriti. Nchini Malawi spiriti hiyo ilianza kuchanganywa na petroli ya magari mwaka wa 1982, kutoka kiwanda cha Dwangwa kilicho karibu na Ziwa Malawi. Mchanganyiko huo hufaa katika magari, lakini una tabia ya kunyonya unyevu. Yakizidi maji, spiriti hujitenga na petroli na kushuka nayo chini. Aidha spiriti hulainisha mipira ya zamani. Mahali petroli ya namna hiyo inapouzwa, isihifadhiwe muda mrefu katika boti, na mipira ikaguliwe mara nyingi zaidi.

KUCHANGANYA OILI

Mashine nyingi za ziwani ni zile zinazounguza petroli na oili pamoja, yaani za mipigo miwili. Oili hiyo ndiyo inayolainisha pistoni. Mashine haina oili nyingine ndani ya silinda. Anayepunguza oili ili kuokoa fedha anaua pistoni.

Kitabu cha mashine ndicho kinachosema kiasi. Mashine nyingi hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, na zikiwa mpya, katika saa 10 za kwanza, sehemu 25 kwa 1. Kwa hesabu yetu ya kila siku, kipimo cha 50 kwa 1 ni hiki:

Lita 5 za petroli: oili mililita 100.
Lita 10 za petroli: oili mililita 200.
Lita 20 za petroli: oili mililita 400.

Kwa mashine mpya inayotaka 25 kwa 1, kiasi hicho cha oili huongezwa mara mbili. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, uitie alama za mililita 100, 200 na 400, uiweke kwa kazi hiyo tu. Usikisie kwa jicho wala kwa rangi. Tia kwanza petroli kidogo katika dumu, ongeza oili yote, funga, tikisa, kisha jaza petroli iliyobaki na utikise tena. Oili ikimiminwa juu ya tangi lililojaa bila kutikiswa hukaa mahali pamoja. Leo mashine hunywa oili tupu na kutoa moshi, kesho hunywa petroli tupu na kukwama.

Oili iwe ya mashine za boti zinazopozwa kwa maji. Alama yake siku hizi ni TC-W3. Oili ya gari au iliyokwisha kutumika haifai kabisa. Lakini mashine za mipigo minne hazichanganyiwi oili katika petroli. Zina mahali pake pa oili. Mwenye mashine mbili za aina mbalimbali na aandike madumu yake kwa rangi, asije akakosea gizani.

UKAGUZI WA KILA ASUBUHI

Ukaguzi huu hauzidi dakika 5, nao ufanywe kabla abiria hawajapanda.

Kwanza, fungua skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi. Tangi lisipopumua, petroli hutoka mwanzoni, kisha huvutwa na kugoma. Mashine hukimbia vizuri mpaka umeacha ghuba, halafu huzimika. Mabaharia wengi wamefungua kabureta katikati ya mawimbi kumbe kosa lilikuwa skrubu ya hewa.

Pili, pitisha mkono katika mpira wote. Ukunje kidogo uone kama una nyufa. Mpira mgumu kama fimbo au unaonata mkononi umekwisha, na ubadilishwe. Mpira wa kumwagilia bustani usitumike. Petroli huuyeyusha na vipande vyake huziba jeti. Viungo vifungwe kwa klipu za chuma. Waya wa kufungia hukata mpira na kuruhusu hewa kuingia. Hewa ikiingia haionekani kama petroli inayovuja, lakini husimamisha mashine vile vile.

Tatu, finya pampu ya mkono huku mshale ukielekea juu. Ikawe ngumu baada ya kufinywa mara kadhaa, na ikae ngumu. Ukiona petroli inavuja mahali popote, usiwashe.

Nne, tazama chujio. Katika mashine nyingi linaonekana kwa kikombe chake. Likiwa na maji au kutu, lifungue, lioshe kwa petroli safi, ulirudishe na kijipete chake cha mpira. Chujio lililopasuka libadilishwe.

Tano, pima petroli ya safari. Kanuni ya zamani ya mabaharia ni ya mafungu matatu: fungu moja la kwenda, fungu moja la kurudi, fungu moja la dharura. Upepo wa mbele hunywa petroli kuliko tunavyodhani.

MASHINE IKIZIMIKA, TUFANYE NINI?

Jambo la kwanza ni kutia nanga au kushika makasia, ili boti isigeuzwe ubavu. Abiria waketi, wavae makoti yao. Kisha itazame pampu ya mkono, kwa maana hiyo ndiyo inayosema ugonjwa uko wapi.

Pampu ikiwa imebonyea na kukunjamana, petroli imezuiwa nyuma yake. Tazama skrubu ya hewa, tazama kama mpira umekanyagwa na mguu wa mtu au umekunjwa na mzigo, tazama chujio la ndani ya tangi.

Pampu ikiwa laini na haigomi hata ukifinya, kuna hewa inayoingia, au petroli imekwisha, au viungo havikushika vizuri. Ikiwa haigomi na petroli inamwagika kutoka kabureta, basi sindano ya kiboya imekwama kwa takataka. Usiwashe; mvuke wa petroli hiyo waweza kuwaka.

Mashine ikifufuka kila unapofinya pampu na kuzimika ukiacha, pampu ya mashine ni dhaifu, au kuna hewa inayoingia kati ya tangi na mashine. Mtu mmoja aendelee kufinya taratibu mpaka bandarini. Huko utando wa pampu ufunguliwe. Ukiwa umekakamaa au una tundu, weka mpya.

Mashine ikienda kwa kasi lakini ikazimika ukipunguza, mara nyingi jeti ndogo imeziba. Ikienda vizuri polepole lakini ikakata ukiongeza kasi, petroli inayofika ni kidogo: tazama chujio, pampu, na jeti kubwa.

Ukishaosha au kubadilisha kitu, usivute kamba ya kuwashia kwa hasira. Kuvuta mara 30 bila kujua kosa kunachosha mkono na kulowesha plagi. Vua plagi, ikaushe, uirudishe, kisha ujaribu.

KUSAFISHA KABURETA

Kazi hii ifanywe nchi kavu, mchana, mahali penye upepo, mbali na jiko na mvuta sigara. Mashine izimwe, nyaya za plagi zivuliwe, mpira wa petroli uchomolewe. Tandaza nguo nyeupe safi, na kila kipande ukiweke kwa mpangilio uliokivua, kutoka kushoto kwenda kulia.

Chini ya bakuli ipo skrubu ya kumwagia. Weka kikopo, uifungue, uitazame petroli inayotoka. Mara nyingine kazi inaishia hapo: maji yamemwagika, petroli safi imeingia, mashine imepona. Ikiwa sivyo, vua bakuli. Tazama kama kuna utomvu wa rangi ya kahawia. Huo ni wa petroli iliyokaa miezi. Tazama sindano kama ncha yake imelika. Tikisa kiboya, kikiwa na petroli ndani kimetoboka, nacho hakitaelea.

Vua jeti kwa bisibisi inayolingana nayo, maana shaba ni laini na mfuo wake hupasuka. Itazame dhidi ya jua. Ioshe kwa petroli na uipulize kwa pampu ya baiskeli. Usiingize waya wala sindano. Kitundu kimepimwa kiwandani. Kikipanuliwa hata kidogo mashine itakunywa petroli kupita kiasi maisha yake yote. Ikiwa ipo skrubu ya kurekebisha hewa, ihesabu kwanza: ifunge taratibu mpaka igote, ukihesabu mizunguko, kisha ndipo uivue. Ukiirudisha, igote taratibu, halafu ifungue kwa mizunguko ile ile. Gasketi iliyochanika ibadilishwe. Sabuni na uzi si gasketi.

Mashine itakayokaa wiki kadhaa bila kazi, mwaga petroli ya bakuli kabla ya kuiweka. Ukiijaribu, miguu yake iwe ndani ya maji. Ikizungushwa pakavu, pampu yake ya maji huungua.

Mashine mpya za mipigo minne zisizo na kabureta, zinazopuliza petroli kwa nguvu ya umeme, ni jambo jingine. Humo petroli hukaa kwa shinikizo kubwa. Sisi tuishie kwenye tangi, mpira na chujio, na mengine tumwachie fundi aliyefundishwa.

PETROLI NI MOTO NA NI SUMU

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kujikusanya chini ya mbao za boti, mahali usipouona. Kwa hiyo tangi la kubebeka lisijazwe likiwa ndani ya boti. Literemshwe, liwekwe juu ya ardhi, lijazwe huko, lipanguswe, ndipo lirudishwe. Abiria wasiwemo, na sigara zizimwe kabisa.

Usinyonye petroli kwa mdomo ili kuihamisha. Wengi wetu tumeona jambo hilo likifanywa na kuchekwa. Petroli ikiteremka katika mapafu huyaunguza, na mtu aweza kufa. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, maana akitapika huivuta mapafuni. Apelekwe zahanati mara moja. Tumia faneli, au mrija wenye pampu ya mkono.

Petroli chafu isimwagwe ziwani. Maji hayo ndiyo tunayokunywa na kuogea. Wala isitiwe katika taa ya mafuta au katika jiko. Nyumba zimeungua kwa kosa hilo.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo chama kinapoingia. Katika boti nyingi za uvuvi, gharama ya petroli hukatwa kwanza, kisha mapato yaliyobaki hugawanywa kati ya mwenye boti na mabaharia. Maana yake ni kwamba kabureta inayokunywa ovyo inakunywa fungu la baharia pia. Kwa hiyo baharia ana haki ya kuuliza jeti imesafishwa lini, na mwenye boti asimwone mkorofi.

Katika boti za mwajiri, zile zinazobeba wafanyakazi wa shamba au mali ya kiwanda, jambo liko wazi zaidi. Boti ni chombo cha kazi kama vile lori na trekta. Mpira, klipu, chujio, plagi na makoti ya kuokolea ni juu ya mwajiri. Sisi tunatoa mikono na uangalifu. Vipuri si vya kukatwa katika mshahara.

Na ikiwa nahodha amesema mpira umepasuka, naye msimamizi akajibu, "Nendeni hivyo hivyo"? Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, kifungu cha 13, unataka mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake au afya yake alindwe asiadhibiwe isivyostahili. Mwaka wa 2022 Shirika hilo liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi, ambazo nchi wanachama zote zinapaswa kuziheshimu. Nahodha anayekataa kung'oa nanga kwa mpira mbovu hagomi kazi. Anafanya kazi yake.

Lakini haki hiyo ina nguvu pale tu ambapo ushahidi upo. Ndiyo maana twashauri kila tawi lenye wanachama wanaovuka maji lifanye mambo manne.

La kwanza, kila boti iwe na watu wawili wanaojua njia ya petroli, si mmoja. Fundi akiugua, ujuzi usiugue naye. Vijana na akina mama wanaosafiri na kufanya biashara ya samaki wafundishwe pia. Skrubu ya hewa haichagui mkono.

La pili, kila boti iwe na daftari. Iandikwe siku chujio lilipooshwa, mpira ulipobadilishwa, petroli iliponunuliwa, na nahodha alipoomba kipuri asipewe. Daftari la shilingi chache lina sauti kubwa mbele ya mwajiri kuliko maneno ya watu 20.

La tatu, kila boti iwe na sanduku: plagi za akiba na spana yake, bisibisi, plaisi, kipande cha mpira wa petroli na klipu zake, chujio la akiba, kamba ya kuwashia, tochi, nguo safi, na ile chupa ya kupimia. Nje ya sanduku yawepo makasia, nanga yenye kamba ndefu, na ndoo ya kuteka maji.

La nne, katika mkutano wa tawi, mashine moja iletwe chini ya mti, ifunguliwe mbele ya watu wote. Mtu akishaona kwa macho yake kiboya na sindano, hasahau. Kuona mara moja kwapita kusoma mara 10, hata kusoma ukurasa huu.

Hatudai kwamba petroli safi itaondoa ajali zote. Ziwa lina dhoruba zake, na boti iliyojazwa kupita kiasi itazama hata kama mashine yake inaimba. Lakini ajali ile inayotokana na tone la maji au ufa wa mpira ni ajali tunayoweza kuizuia kwa mikono yetu wenyewe, leo hii, kabla ya kungoja mtu mwingine.

Kesho asubuhi, kabla ya kupanda boti, mwulize nahodha kwa heshima: ndugu, umeipima petroli? Akikuonyesha chupa yake, panda na umshukuru. Akiwa hana, mkatieni chupa kwa pamoja, na suala la vipuri lifikishwe tawini siku hiyo hiyo.